Marey: Daktari aliyewalenga ndege kwa bunduki isiyoua

Mwanzoni mwa mwaka 1882 wakazi wa Posillipo, eneo la mlimani linalotazama ghuba ya Naples nchini Italia, walikuwa na habari ya kusimuliana. Mfaransa mmoja wa miaka 51 alikuwa akizunguka na bunduki nene ya ajabu. Shakwe akipita angani, bwana huyo humlenga, humfuata kwa mtutu, kisha hufyatua. Hakuna mlio, hakuna moshi, na ndege anaendelea na safari yake kama vile hakuna kilichotokea. Mwindaji anarudi nyumbani mikono mitupu. Inasimuliwa kwamba wenyeji walimwona punguani.

Punguani huyo aliitwa Étienne-Jules Marey. Alikuwa daktari, profesa wa Collège de France mjini Paris, na tangu 1878 mwanachama wa Chuo cha Sayansi cha Ufaransa. Ndani ya bunduki yake hamkuwa na risasi bali kioo kilichopakwa dawa ya picha. Alichokuwa akiwinda ni jambo ambalo jicho la binadamu halijawahi kuliona sawasawa: bawa la ndege linafanya nini hasa linapopiga hewa?

Yeyote aliyewahi kuinua simu au kamera kumpiga picha mwewe anayepita anajua tatizo lilivyo. Mwili unaweza kuonekana, lakini mabawa ni ukungu mtupu. Hesabu yake ni rahisi. Chukua ncha ya bawa inayokwenda mita 5 kwa sekunde. Kamera ikiruhusu mwanga kuingia kwa sehemu ya 50 ya sekunde, ncha hiyo imesafiri sentimita 10 wakati picha bado inajichora. Ukipunguza muda huo hadi sehemu ya 720 ya sekunde, imesafiri milimita 7 tu. Basi punguza muda, utasema. Ndiyo, ila kila unapopunguza muda unapunguza na mwanga, na picha inakuwa giza. Marey alipambana na mvutano huo kwa miaka mingi, na kila alipoushinda upande mmoja alilipia upande mwingine.

Mtoto wa Beaune

Alizaliwa tarehe 5 Machi 1830 huko Beaune, mji wa mvinyo katika jimbo la Burgundy. Baba yake alifanya kazi katika biashara hiyohiyo ya mvinyo. Mama alitamani mtoto awe padri, baba alitaka awe daktari, na kijana mwenyewe alipenda vyuma na mashine. Ndoto yake ilikuwa uhandisi. Baba akashinda. Mwaka 1849 Marey alikwenda Paris kusomea udaktari, na mwaka 1859 akamaliza kwa tasnifu kuhusu mzunguko wa damu.

Lakini uhandisi haukumtoka. Mwaka 1860 alitengeneza chombo kidogo cha kufungwa kwenye kifundo cha mkono. Mshipa ukidunda, unasukuma kijiti chepesi, na kijiti kinachora mstari kwenye karatasi iliyopakwa masizi. Mapigo ya moyo yakageuka mchoro ambao daktari angeweza kuuweka mezani na kuulinganisha na wa jana. Sisi tunaofanya kazi redioni tunaona kila siku sauti za watu zikipanda na kushuka kama milima kwenye kompyuta. Jamii ya michoro hiyo ni ndefu, na Marey ni mmoja wa mababu zake.

Msimamo wake ulikuwa mmoja na hakuubadilisha hadi kufa: hisia za binadamu ni nzito na zinadanganya, kwa hiyo chombo ndicho kiandike. Alipima moyo wa farasi akishirikiana na Auguste Chauveau. Alipima misuli. Mwaka 1864 alijijengea maabara yake mwenyewe katika jengo la ukumbi wa zamani wa maigizo mjini Paris, na mwaka 1869 akapewa kiti cha uprofesa.

Ndege aliyevalishwa mipira

Kutoka kwenye moyo akahamia kwenye mwendo. Farasi aliwavalisha viatu vyenye mifuko ya mpira iliyojaa hewa. Kila kwato ilipokanyaga, hewa ilisukumwa kwenye bomba hadi kwenye kijiti cha kuandikia alichokishika mpanda farasi. Wadudu aliwapaka chembe za dhahabu kwenye ncha za mabawa, na katika mwanga mkali akaona zikichora umbo la namba 8. Jambo hilo lilimletea ugomvi na Mskoti James Bell Pettigrew, aliyedai kwamba yeye ndiye aliyetangulia kulisema.

Ndege walikuwa kazi ngumu zaidi. Marey aliwafunga njiwa na ndege wa jamii ya mwewe kwa mikanda yenye vifaa vidogo, mabomba membamba ya mpira yakiwaunganisha na mashine ya kuchorea. Alipata mistari mizuri iliyoonyesha bawa likipanda na kushuka, na misuli ikikaza na kulegea. Hata hivyo ndege aliyebeba mzigo na kuburuta mabomba nyuma yake si ndege huru. Na mstari kwenye karatasi haukuweza kumwonyesha umbo la bawa: limekunjwa wapi, manyoya yamepinda vipi.

Haya hayakuwa maswali ya mtu asiye na kazi. Enzi hizo wanadamu waliweza kupanda angani kwa maputo tu, na puto hupelekwa na upepo unakotaka. Waliotaka mashine ya kuruka waliwatazama ndege kama walimu, lakini walibishana juu ya somo lenyewe. Bawa linashuka wima? Linasukuma nyuma kama kasia? Marey na fundi Victor Tatin waliunda wadudu na ndege wa mashine ili kupima majibu. Mwaka 1873 alichapisha kitabu kuhusu mwili wa mnyama kama mashine, na kitabu hicho kikavuka bahari.

Habari kutoka California

Huko California tajiri wa reli Leland Stanford alikuwa mpenzi wa farasi. Kazi ya Marey kuhusu mwendo wa farasi ilimchochea kutafuta ushahidi wa picha, na aliyempa kazi hiyo alikuwa mpigapicha Mwingereza Eadweard Muybridge. Mwezi Juni 1878, huko Palo Alto, Muybridge alipanga kamera 12 kwa mstari. Farasi alipokimbia alikata nyuzi, na kila uzi ulifyatua kamera yake. Picha zikaonyesha kuwa kuna wakati miguu yote minne haigusi ardhi, kama mistari ya Marey ilivyokuwa imeshasema.

Desemba mwaka huohuo gazeti la sayansi La Nature la Paris lilizichapisha. Marey alisisimka. Akamwandikia mhariri wake, Gaston Tissandier, akiomba kuunganishwa na Muybridge, na katika barua hiyohiyo akataja wazo la bunduki ya picha kwa ajili ya ndege.

Muybridge alifika Paris mwaka 1881, na mwezi Septemba Marey akamwandalia hafla nyumbani kwake. Mgeni alileta pia picha za ndege, na hapo Marey akavunjika moyo. Kila picha ilionyesha ndege katika hali moja tu, bila kinachotangulia wala kinachofuata. Mimi naona tatizo lilikuwa kwenye mbinu yenyewe. Farasi unaweza kumwelekeza apite mbele ya kamera 12 na kukata nyuzi 12. Ndege hapiti unapotaka wewe, na angani hakuna mahali pa kutega uzi. Kwa ndege, kamera ndiyo inapaswa kumfuata.

Ndani ya bunduki

Majira hayo ya baridi Marey alikuwa Posillipo, alikokuwa na nyumba, na huko akaunda chombo chake. Wazo hakulianzia sifuri. Mnajimu Jules Janssen alikuwa ametengeneza bastola ya picha ili kufuatilia sayari ya Zuhura ikipita mbele ya jua tarehe 9 Desemba 1874. Lakini Zuhura hutembea polepole sana machoni petu. Shakwe hana subira hiyo.

Bunduki ya Marey ilikuwa na kitako na mtutu kama ya kuwindia. Ndani ya mtutu kulikaa lenzi. Nyuma yake palikuwa na kopo pana la duara lenye mashine ya saa. Mpigaji alipofyatua, diski nyeusi yenye tundu moja jembamba ilizunguka mara 12 kwa sekunde, na katika kila mzunguko tundu liliruhusu mwanga kwa sehemu ya 720 ya sekunde. Nyuma ya diski hiyo kioo chenye dawa kilisogea kwa kuruka-ruka: kinasimama, kinapokea picha, kinasogea, kinasimama tena. Hapo pa kusimama ndipo penye siri. Kama kioo kingekuwa kinatembea wakati mwanga unaingia, ukungu ungetoka kwenye kamera yenyewe hata ndege angekuwa ametulia.

Umbali wa lenzi aliurekebisha kwa kurefusha au kufupisha mtutu, akitazama kwa nyuma hadi taswira iwe wazi. Maana yake ni kwamba ukali wa picha uliamuliwa kabla ndege hajafika. Akipita karibu zaidi au mbali zaidi ya pale, bahati mbaya. Kitako nacho hakikuwa pambo. Kilimwezesha mpigaji kuegemeza chombo begani na kuzungusha kiwiliwili sambamba na ndege, ili ndege abaki mahali palepale kwenye kioo. Wanaopiga picha za ndege leo kwa lenzi ndefu wanafanya mzunguko huohuo, na wengi huanzia sehemu ya 1,000 ya sekunde, si mbali sana na alipokuwa Marey.

Kilichomwezesha zaidi ni kemia. Vioo vya zamani vililazimika kupakwa dawa na kutumika vikiwa bado vibichi, na vilihitaji mwanga mwingi. Kufikia wakati huo vilikuwepo vioo vikavu vya jelatini, vyepesi kupokea mwanga. Bila hivyo sehemu ya 720 ya sekunde ingeacha kioo kitupu.

Kwanza alijaribu kwa mshale mweusi unaozunguka mbele ya ukuta mweupe. Kisha akatoka nje kuwasubiri shakwe. Mwezi Februari 1882 alimwandikia mama yake habari za bunduki hiyo isiyodhuru kiumbe.

Picha zilitoka, 12 kwenye kila kioo, na alipozihesabu akagundua kwamba shakwe wake alipiga mabawa mara 3 kwa sekunde. Gawanya: hali nne tu kwa kila pigo, zikijirudia. Bawa juu, bawa linashuka, bawa chini, bawa linapanda. Kati ya hali moja na nyingine kulikuwa na mengi yaliyopotea. Isitoshe, kila picha ilikuwa ndogo mno. Ukiikuza, maelezo yanayeyuka. Na kwa kuwa ndege alipigwa dhidi ya anga angavu, alitoka kama kivuli cheusi bila manyoya. Mtu mwingine angejitangaza mshindi. Bunduki yenyewe ilipata umaarufu mkubwa, na hadi leo ndiyo inayotajwa jina lake likitajwa. Yeye aliiweka kando baada ya muda mfupi.

Banda jeusi

Mwaka huohuo wa 1882, kwa msaada wa jiji la Paris na serikali, alifungua kituo cha utafiti karibu na msitu wa Bois de Boulogne. Msaidizi wake mkuu alikuwa kijana Georges Demenÿ. Hapo Marey aligeuza kila kitu. Badala ya ndege mweusi kwenye anga jeupe, alitaka ndege mweupe kwenye giza.

Akajenga banda refu kwenda ndani, limepakwa rangi nyeusi, na mahameli nyeusi nyuma kabisa. Ndege mweupe alirushwa mbele yake kwenye jua kali. Kwa kuwa giza halina mwanga wa kupeleka kwenye kioo, sehemu zote zisizo na ndege zilibaki kama hazijaguswa. Kioo kikaweza kukaa palepale bila kusogea, huku diski kubwa yenye matundu ikizunguka mbele yake. Kila tundu lilipopita, ndege alichorwa mara moja. Lilipopita lingine alichorwa mbele kidogo. Kioo kimoja, ndege mmoja, mabawa mengi yamepangana kama mkufu.

Ukali wa picha hizi ulikuwa wa daraja nyingine. Kamera haikutikisika, kioo hakikusogea, mwanga ulikuwa wa kutosha. Lakini gharama nayo ilikuwepo. Ukitaka hali nyingi zaidi za bawa kwa sekunde, ndege wanaanza kupandana, na aliyeruka polepole alitoka kama rundo la mabawa. Alipopiga picha za watu aliwavalisha nguo nyeusi zenye mistari myeupe, ili ibaki mistari tu. Ndege humvalishi.

Mwaka 1887 akaongeza pembe za kutazamia. Hadi hapo alikuwa akimwona ndege kwa ubavu. Sasa akapandisha kamera juu kumpiga kutoka angani, na nyingine akaielekeza kwa mbele. Alipounganisha pembe hizo tatu alipata umbo kamili la bawa katika kila hatua, na kutokana nalo akatengeneza sanamu: shakwe na njiwa walioganda hatua kwa hatua, nyingine za shaba. Baadhi ya shakwe hao aliwapanga ndani ya chombo cha kuzungusha chenye matundu ya kuchungulia. Kikizunguka, shakwe anaruka tena, taratibu kadiri utakavyo.

Na jibu la swali la awali? Bawa halishuki wima wala halisukumi nyuma kama kasia. Linaposhuka huenda pia mbele. Linapopanda hujikunja na kurudi nyuma. Mwaka 1890 aliyaweka yote katika kitabu kinene kuhusu kuruka kwa ndege.

Filamu isiyo na matundu

Tatizo la mabawa kupandana lilitatuliwa na bidhaa mpya. Kampuni ya Eastman ya Marekani ilikuwa imeanza kuuza karatasi ya picha katika mabunda ya kuviringishwa. Mwezi Oktoba 1888 Marey aliwaonyesha wanachama wa Chuo cha Sayansi ukanda wa karatasi wenye picha zilizopigwa kwa kasi ya takriban 20 kwa sekunde, kila moja na nafasi yake. Ndani ya kamera palikuwa na kibano kilichoukamata ukanda na kuusimamisha kila mwanga ulipoingia. Ni ileile siri ya bunduki: kisimame, kipokee, kisogee. Mwaka 1890 akahamia kwenye ukanda wa seluloidi.

Mwaka 1889 Thomas Edison alikuja Paris kwenye maonyesho makubwa, akakutana na Marey na kuiona kazi hiyo. Mwaka 1895 ndugu Lumière walizindua sinema yao. Kwa nini haikuwa ya Marey? Ukanda wake haukutobolewa matundu pembeni, hivyo nafasi kati ya picha hazikulingana, na alipojaribu kuzionyesha ukutani zilirukaruka. Demenÿ alitaka kuifanya kazi hiyo biashara. Waliachana mwaka 1894. Nadhani pia Marey hakuutamani sana ukuta wa sinema. Picha inayorudia kile ambacho jicho tayari linakiona haikumpa kitu kipya. Alitaka kusimamisha, kupunguza kasi, kupima.

Mwaka 1896 Mjerumani Otto Lilienthal alifariki baada ya kuanguka na nyiririko yake. Huko Dayton, Ohio, habari hiyo ilimfanya Wilbur Wright achukue tena rafuni mwa nyumba yao kitabu kile cha Marey cha mwaka 1873, kwa tafsiri ya Kiingereza. Miaka saba baadaye yeye na ndugu yake Orville waliruka kwa injini. Mabawa ya ndege yao hayakupiga hewa. Yalitulia, na kazi ya kusukuma ikaachiwa panga. Tatin naye alikuwa ameshapita njia hiyo mwaka 1879 kwa ndege ndogo ya hewa iliyoshindiliwa.

Miaka yake ya mwisho Marey aliitumia kupiga picha hewa yenyewe, akipitisha nyuzi za moshi kwenye kisanduku cha kioo ili aone zinavyopinda zinapokutana na kizuizi. Alifariki Paris mwezi Mei 1904. Muybridge, aliyezaliwa mwezi mmoja baada yake, alifariki Uingereza mwezi huohuo. Mahali palipokuwa banda jeusi leo pamo ndani ya viwanja vya tenisi vya Roland Garros, ambako kila mwaka mamia ya kamera hukaa pembeni kuufukuzia mpira.